Gemu Nilizocheza Baada ya Kutia Sahihi

Sifa zote ni za Mungu, aliyeniamsha leo na macho yanayoona na vidole vinavyoweza bado kushika kalamu. Namshukuru kwa mihogo iliyoko shambani Manibe, kwa mke ambaye hajachoka kunikemea, na kwa miaka aliyoniongezea bila mimi kuistahili. Zaidi ya yote namshukuru kwa kunivumilia, maana haya ninayaandika nikiwa na hasira. Nimeiombea hasira hiyo tangu mvua za mwaka jana, na bado haijaondoka.

Wanaonijua watashangaa. Mimi ni msomaji wa kanisa upande wa Mvara, hapa Arua karibu na mpaka wa Kongo, na kabla ya hapo nilikuwa dereva wa lori. Kazi zote mbili zinamfundisha mtu kungoja. Nimekaa katika baraza la wazee wa kijiji nikisikiliza ndugu wa tumbo moja wakigombania kipande cha ardhi kisichotosha kulaza ng'ombe, na sikuwahi kuinua sauti. Lakini nimekasirika kwa sababu ya gemu, hizi za kwenye televisheni ambazo watu huzicheza kwa kushika pedi, na wengi wanafikiri nimekasirikia gemu zenyewe. Moja tu, ndiyo. Hasira iliyobaki ina wenyewe, na mmoja wao ni mimi.

Ilianza katika kikao cha baraza, Jumamosi asubuhi. Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba kwenye barabara inayokwenda mjini kuna chumba cha gemu cha mwanamke Mkongo, na kwamba chumba hicho kinaharibu watoto: wanatoroka shule, wanajifunza matusi, wanatazama damu. Mwingine akaongeza kwamba mlango una pazia mchana kutwa, na watu wenye nia njema hawakai gizani mchana. Tukatikisa vichwa. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni rika langu na tulikaa dawati moja shuleni, akaandika barua kwamba chumba kifungwe mwisho wa mwezi kwa kosa la kuharibu vijana. Wazee sita tukatia sahihi. Yangu ilikuwa ya tatu. Nakumbuka kalamu iligoma nikaitikisa, na kwamba nilikuwa nafikiria chai.

Chumba chenyewe sikuwahi kuingia. Nilikuwa nakipita kila wiki nikiwa juu ya boda, naliona pazia la bluu, nasikia wanaume wakipiga kelele ndani. Basi.

Kesho yake, baada ya ibada, mwenye chumba alikuja nyumbani kwangu. Ni mwanamke wa makamo, mjane, aliyevuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, miaka kadhaa iliyopita akiwa na mashine nne amezifunga kwenye mashuka. Nilikuwa namjua kwa sura tu. Alimsalimu mke wangu kwa heshima, akapokea maji, akanywa, akakirudisha kikombe. Hakulia. Kama angelia ningejua la kufanya, maana watu wengi wamelia katika kiti kile alichokalia.

"Papa," akasema, kama wanavyomwita mzee kwao, "kwa ile barua, mukono yako iko?"

Nikamwambia upo.

"Siku gani uliingia kwangu?"

Mke wangu, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akaacha kuchambua.

Lazima nieleze jambo moja hapa kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, mzee hakati kesi ya mpaka akiwa ameketi. Anakwenda mwenyewe shambani na pande zote mbili, anatembea mpaka kutoka alama moja hadi nyingine, miguu yake inalowa umande, anaona kwa macho nani alilima wapi. Akimaliza kutembea ndipo anafungua kinywa. Mzee akikata neno kitini, hata mtoto anaruhusiwa kulikataa, wala hakuna atakayemwadhibu. Nimetembea mipaka mingi namna hiyo, mpaka magoti yameharibika. Na huyu mama alikuwa ameishi kati yetu muda wa kutosha kulijua hilo.

"Nyinyi hapa, shamba munatembeaka mbele ya kukata neno," akasema. "Kwangu mulikata bila kutembea. Kuja utembee, Papa. Cheza zote. Kisha unionyeshe zambi iko wapi."

Akaondoka. Sikula vizuri siku ile.

Jumatatu nikaenda. Kitu cha kwanza nilichokiona, kabla hata sijasogeza pazia, kilikuwa kipande cha mbao juu ya mlango chenye maandishi ya rangi nyekundu: YUNIFOMU YA SHULE HAPANA KUINGIA. Kilikuwa kimepauka, yaani kilikuwa pale muda mrefu. Damu ilinipanda shingoni. Mle ndani palikuwa na televisheni nne, mabenchi ya mkalitusi, betri ya sola kwenye kona, na rozari kwenye msumari. Pazia lilikuwa la kuzuia jua lisipige kwenye vioo. Watu waliokuwapo walikuwa waendesha boda waliokosa abiria na wafanyabiashara Wakongo wanaongoja gari la kuvuka mpaka. Wanaume wazima wenye ndevu. Waliponiona, mmoja akavua kofia kama tumeingia msibani.

Yule mama akanipa pedi. Ni kitu kama ganda la kobe lenye vitufe pande zote, na vidole vyangu viwili tu ndivyo vilivyokubali kukitumikia. Akaniweka kwenye gemu ya mpira, timu moja na mwendesha boda mmoja mwembamba, dhidi ya wawili wengine. Nilidhani mchezaji wangu ni yule mrefu. Kumbe alikuwa mwingine, na wakati wote huo alikuwa amesimama akitazama uzio. Nilipompata nikamkimbiza na mpira kwa nguvu zangu zote, nikapiga, nikafunga, nikainua mkono.

"Mzee," yule mwembamba akaniambia kwa upole, "mimi na wewe iko timu moja. Lakini naona wewe umeshahamia kwa wale."

"Mwache," akasema mwingine, "yeye ni mtu wa kanisa. Anapenda adui zake."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikakasirika kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Nilidai tuanze upya. Tukafungwa saba. Nikadai tena. Nilipotoka nje jua lilikuwa limeshavuka utosi, na kabla sijapanda boda nilikuwa napanga moyoni jinsi nitakavyowazuia kesho upande wa kushoto. Hapo nikajishika. Mtu aliyekuja kuchunguza alikuwa ameshaanza kutafuta ushindi.

Siku ya pili wakanipa gemu ya malori, na hapo niliketi vizuri kwa sababu nilijua nakwenda kuwafundisha. Niliendesha lori kati ya Arua na Koboko barabara ilipokuwa ya vumbi, kabla ya lami, na nikipenda naweza kukuelezea kila kona yake. Lile lori la kwenye televisheni lilikwenda katika nchi ya theluji, barabara pana, mistari imechorwa, hakuna mbuzi, hakuna mtu anayekusimamisha na gunia lake. Kona ya kwanza nikaegemea na mwili wangu wote, benchi likainama, na lori likapita juu ya ukingo wa daraja kama jani.

Mama akaweka mkono mdomoni. "Papa, kweli ulikuwaka shofere?"

Kabla sijamjibu kioo kikawa cheusi kidogo, na mara nikaona lori lingine, safi, limeoshwa, mafuta yamejaa. Nililichukia lile lori jipya. Niliwaambia wote waliokuwapo kwamba lori langu la tumbaku lililala ubavu kwenye barabara ya Koboko nikalikalia siku tatu nikila mihogo mibichi, na tajiri alipofika alikagua magunia kwanza, akaliangalia bega langu baadaye. Bega hilo bado linajua mvua ikija. Na hapa mtu anaanguka darajani na anapewa lori. Mimi naamini ufufuo. Nimeusoma kwa sauti kwenye makaburi mengi, mengine ya watoto. Ufufuo ninaouamini una gharama. Ule wa kwenye kioo mtu anafufuka kwa kidole, hajutii kitu, anarudi na kugonga mti uleule. Nilisema hayo kwa ukali, kama niko mimbarani. Walisikiliza kwa adabu. Halafu yule mwembamba akaniuliza kama nimemaliza zamu yangu, na nikasema bado, nikaanguka darajani mara nne zaidi.

Ya tatu ilikuwa gemu ya kulima, na hiyo ndiyo iliyonifedhehesha. Unapewa shamba, jembe, ng'ombe watatu. Unachagua mbegu. Unaagiza mvua, nayo inakuja. Mahindi yanakomaa wakati unajikuna shingo. Mwaka ule ule jua lilikuwa limeniunguzia maharage Manibe mpaka nikayang'oa kwa mkono mmoja, kwa hiyo mara ya kwanza nilipoona ile mvua ya kuagizwa nilitaka kuitupa pedi chini. Lakini ng'ombe walikuwa wanene. Nikaongeza ua. Nikachimba kisima, na kilikuwa na maji. Nilipata mavuno, na nawaambia kweli, nilisema "asante Mungu" kwa ajili ya mahindi yasiyokuwapo.

Mara pazia likasogea, na aliyesimama pale alikuwa mke wangu, na Biblia yangu mkononi.

"Baba wa watoto," akasema, "darasa lako la kina mama limekungoja mpaka limeimba nyimbo zote."

Nilikuwa nimelisahau. Kwa miaka yote ya usomaji sijawahi kulikosa darasa lile, hata siku nilipokuwa na malaria. Mke wangu hakunigombeza mbele za watu. Aliketi kwenye benchi kupumzisha miguu, na mama mwenye chumba, kwa heshima, akamwekea gemu ya vipande vya rangi vinavyoshuka kutoka juu, nawe unavipanga visiache tundu. Mke wangu alikataa kwanza. Kisha akashika pedi. Muda si mrefu waendesha boda wote walikuwa wamesimama nyuma yake, na mimi nilipojaribu baada yake akanitazama kwa huruma. "Unaweka kama mtu ambaye hajapanga kuni hata siku moja," akasema, na ni kweli, sijapanga.

Nilirudi nyumbani siku ile na hasira ya aina nyingine. Nilikuwa nimewahukumu watu kwa kupotewa na saa, na saa yangu ilikuwa imepotea katika shamba la uongo. Lakini pia nilikuwa nimeona wanaume wakicheka mchana bila pombe, na mke wangu akicheka pamoja nao. Nilitafuta dhambi yenye ukubwa wa ile karatasi tuliyoiandika. Sikuipata.

Siku ya nne niliipata, au nilimpata ndugu yake.

Kulikuwa na gemu ya kupigana ngumi, ya kipumbavu, sitaieleza. Iliyofuata ilikuwa ya vita. Mama alisema siyo lazima. Nikamwambia nimekuja kutembea mpaka wote, hata palipo na miiba. Akaiweka, akasogea pembeni.

Katika gemu ile wewe huoni uso wako, unaona mikono tu, na mikono imeshika bunduki. Unatembea. Nilitembea katika kijiji chenye nyumba za nyasi, ua wa fito, chungu nje, kuku. Sijui waliokichora waliona wapi, lakini walikichora vizuri. Mtu akatokea mlangoni mwa nyumba mojawapo, na kidole changu kikabonyeza kabla yangu. Akaanguka. Namba ikawaka juu ya kioo, na mwendesha boda mmoja akanipiga begani akasema, "Sasa Mzee amejua." Akatokea mwingine. Nikabonyeza. Na hapa naandika kitu ambacho sijakiungama isipokuwa kwa Mungu: nilifurahi. Baada ya mpira na lori na vipande, hatimaye nilikuwa nimepata gemu ambayo mkono wangu unaiweza. Nilifurahi kwa watu watano au sita, nikaupiga teke mlango wa nyumba ya nyasi kuona kama kuna mwingine ndani.

Miaka ya vita, nyumba yetu upande wa Koboko ilipigwa teke mlango namna ile. Nilikuwa ndani. Nilikuwa kijana, mama yangu alikuwa mgonjwa, na tulitokea nyuma kwa kutoboa ukuta, nikambeba mgongoni mpaka ng'ambo ya mpaka. Aliyepiga teke sikumwona uso. Nilisikia buti tu.

Niliweka pedi juu ya benchi polepole. Hakuna aliyecheka. Mama alikuja akaizima televisheni ile yeye mwenyewe, wakati zamu ya watu wengine ilikuwa haijaisha.

"Mimi hii sichezaki," akasema kwa sauti ya chini. "Niliona ya kweli."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao sasa unaniaibisha, kwa nini basi anaiweka. Akanijibu kwamba ndiyo inayojaza chumba, na kwamba akiiondoa watu watakwenda kuichezea kwa mwingine, na yeye ana watoto wanaokula. Nilimwambia ni haramu kugeuza kifo cha watu kuwa namba. Alisema anajua. Tulitazamana kama watu wawili waliozika ndugu mmoja. Bado naichukia gemu ile, na bado nawakasirikia walioitengeneza, watu ambao hawakutoboa ukuta wowote kwa mikono yao, wakakaa mahali pa baridi wakaichora nyumba ya mama yangu ili ipigwe teke.

Lakini njiani kwenda nyumbani nilikumbuka kitu kingine, na hicho kiliniuma zaidi. Nilipofika Kongo na mama mgongoni, mwanamke wa nyumba ya kwanza tuliyoifikia aliwatoa mbuzi wake katika kibanda, akafagia, akatandika nyasi kavu, akatuweka. Tulikaa kwao muda mrefu. Mama yangu alizikwa katika ardhi yao. Hakuna mzee wa Kikongo aliyeitisha kikao juu yetu. Hakuna aliyetia sahihi.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti kabla hajanywa chai. Nikamwambia nimetembea mpaka, nimeona kibao cha yunifomu, nimecheza zote, kuna moja mbaya na nimemwambia mwenyewe ni ipi, na nataka jina langu litoke kwenye barua na chumba kisifungwe. Nilitegemea atafurahi. Ndiye aliyenifundisha kutembea mipaka.

"Ndugu yangu, muhuri umeshagongwa," akasema. "Ukifuta mkono wako leo, watatuuliza sisi watano mikono yetu ilikuwa inatafuta nini pale."

Nikamwambia basi aje naye, siku moja tu, acheze. Akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama nataka wajukuu wamwone. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza, kwa upendo, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba wazee wameshazungumza juu yangu. Nimeshinda mle siku nne. Nimeliacha darasa la Biblia. Mke wangu alikuja kunitoa na yeye mwenyewe akanasa. Kama gemu zinaweza kumkamata msomaji wa kanisa mwenye mvi, mtoto wa shule atapona wapi? Walikuwa na mashaka kidogo juu ya ile barua, akasema, lakini mimi nimeyaondoa.

Sijui kama nimewahi kuwa na hasira namna ile. Nilikwenda kutazama kwa ajili yao wote, na kutazama kwangu kukafanywa ushahidi. Nilisema maneno ambayo niliyaombea toba baadaye, ingawa toba yenyewe niliisema kwa sauti ya chini. Chumba kilifungwa mwisho wa mwezi, kama ilivyoandikwa. Mama alizifunga mashine zake katika mashuka. Waendesha boda walimsaidia kutoa mabenchi, na yule mwembamba alikiondoa kile kibao cha mlangoni akampa.

Alipata chumba Koboko, karibu na soko. Lakini kwetu mtu hahami kienyeji. Mwenyekiti wa kule hakupokei mpaka ulete barua ya mwenyekiti wa ulikotoka, inayosema wewe ni nani na tabia yako ikoje. Bila barua hiyo chumba utalipia na hutakifungua. Mwenyekiti wetu aliandika. Aliandika kwamba mama huyu ameondolewa kwa kuharibu vijana, akabandika nakala ya barua yetu yenye sahihi sita. Kwa karatasi ile hakuna mji ambao ungempokea. Angebaki kurudi alikokimbia. Hakuja kwangu kuniomba kitu. Ni mke wangu aliyepata habari sokoni, akaja akasimama mbele yangu, akasema gari la kwenda Koboko linaondoka saa tatu.

Nikavaa koti langu la kanisani nikaenda na yule mama.

Mwenyekiti wa kule ni mwanamke, Mwislamu, muuza nguo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alituweka dukani kwake kati ya marobota ya vitenge, akasoma barua yote, akaisoma tena. Nilianza kusema kwamba nimekuja kumdhamini huyu mama. Akainua kidole ninyamaze.

"Sahihi hii ya tatu ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama Mwenyekiti."

Akavua miwani. "Sasa niamini mkono wako wa kwanza au wa pili?"

Duka lilikuwa na wateja. Mama alikuwa akitazama sakafu. Niliona kwamba kama nikizungusha maneno, hata kidogo, kama nikisema kulikuwa na kutoelewana, kama nikisema hali ilikuwa hivi na hivi, ataikunja ile karatasi na habari ya mama itaishia hapo.

"Wa kwanza niliuweka bila kuona," nikasema. "Sikuingia. Nilikuwa nafikiria chai. Wa pili ninauweka nimeona."

Hakunihurumia, na namshukuru. Alinipa karatasi mbili na kalamu, akaniambia niyaandike maneno hayohayo, na jina langu kamili, na kwamba yeye atabaki na moja na nyingine nitaipeleka Mvara kwa mkono wangu ili wale watano waisome. Niliandika. Niliandika kwamba nilimhukumu mtu bila kuingia mlangoni pake. Niliandika kwamba watoto wenye yunifomu alikuwa hawaruhusu. Niliandika pia kwamba katika gemu zake kuna moja ya vita ninayoichukia na kwamba nimemwambia hivyo, na kwamba hata hivyo mtu huyu ni mwema. Mwenyekiti alisoma, akamuuliza mama juu ya ile ya vita. Mama akasema hawezi kudanganya mbele ya mzee aliyejisema mwenyewe: anayo, na atakuwa nayo mpaka chumba kisimame kwa miguu yake. Wakatazamana, wanawake wawili wa biashara. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Nje, mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama wanavyofanya kwao.

"Asante, Papa," akasema. "Koboko umenipatia. Lakini Arua, ile uliniondoa, na ile sitakudanganya kama imeisha."

Nikamwambia ni haki yake.

Karatasi niliipeleka Mvara. Niliisoma kwa sauti barazani kwa sababu mwenyekiti alisema macho yake hayaoni vizuri siku ile. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakashukuru, wakasema mzee amechoka na anastahili kupumzika. Kiti changu sasa anakikalia mwingine. Watoto bado wanatoroka shule. Nawaona kwenye kijito wakioga mchana, na hakuna kikao kilichoitishwa juu ya kijito. Chumba kina kufuli na hakuna aliyekipanga. Kila Jumapili nasoma somo, wale watano wanaketi benchi la mbele, wananiitikia amina, na tunashikana mikono ya amani mlangoni. Ninaposhika mikono hiyo nakasirika, na mkono wangu mwenyewe ukiwa miongoni mwayo. Nimemwambia Mungu hivyo bila kupamba. Yeye ananivumilia, nami najaribu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akubariki na watu wa nyumba yako. Akupe kazi ya kukulisha na jirani asiyeikata mizizi. Ukihama, akupe wa kukupokea. Ukipokea, akupe moyo mpana. Ukikosea, akupe siku ya kulisema kosa lako ukiwa na pumzi. Amani yake ikae nawe leo na kesho. Amina.